Mkojo wa Mkwe

Uweso bin Idarusi wa Chumbageni alikuwa mchemsha mikojo. Msinikunjie uso, kazi ni kazi. Kila asubuhi, mwaka ule wa hamsini na tisa, alivaa koti jeupe lililopigwa pasi hata likataka kusimama lenyewe, akashika njia ya hospitali, na kutwa nzima akawa anapasha mikojo ya watu wa Tanga juu ya taa ya spiriti. Siri za wakubwa na za wachuuzi alikuwa nazo yeye. Asiyemjua alimwita daktari, naye hakumsahihisha mtu.

Kabla ya hapo alikuwa mpishi, na ndiyo maana Daktari Zainuddin, aliyekuwa akitafiti saratani, alimpenda. Wengine walipoelezwa habari za protini walitumbua macho tu. Uweso alisema, kumbe ni mambo ya ute wa yai, ukiupasha moto unaganda. Daktari akamwambia ndivyo, ila iko protini moja kaidi, inayotokana na saratani ya uboho wa mifupa. Mkojo wenye protini hiyo ukipata joto la kuchoma kidole hufanya ukungu mweupe, ukichemka ukungu huyeyuka, ukipoa ukungu hurudi. Uweso aliipenda sana habari hiyo. Aliisimulia barazani, akaisimulia harusini watu wakila pilau, na siku moja akaisimulia msibani mpaka akaombwa atoke nje.

Haya. Mama mkwe wake, Bi Mboni, akaletwa kutoka Ushongo, mgongo na nyonga zinamuuma hata kusimama peke yake hawezi. Akalazwa chumba cha uani. Na Uweso, jamani, alikuwa na heshima ya kupindukia. Kwao mtu na mama mkwe wake hawatazamani, na mila hiyo aliishika kwa mikono na meno. Ameoa miaka kumi na moja na uso wa mkwewe haujui. Bi Mboni alipoingia nyumba ile, Uweso aliacha mlango akawa anatokea dirishani, mtu mzima na koti lake jeupe, mguu mmoja ndani mmoja nje, majirani wanatazama. Shikamoo aliupa ukuta, na ukuta ukaitika marahaba.

Daktari alimpima Bi Mboni kisha akamwita Uweso kando. Alishuku ile ile saratani ya uboho. Watafiti wenzake wa ng'ambo walikuwa wamemletea vidonge vipya vya kujaribiwa, vya kumtosha mgonjwa mmoja. Haviponyi, alisema bila kuficha, lakini huenda vikamtuliza maumivu na kumwongezea siku. Ila havitolewi kwa kushuku. Protini ionekane kwenye mkojo kabla ya Jumamosi, isipoonekana vidonge vitapelekwa kwa mgonjwa wa mji mwingine.

Mkojo wa mkwe! Uweso akaomba udhuru, macho yanamuuma. Daktari akasema hakuna mwingine anayeijua kazi ile. Basi Uweso akamtuma mkewe, Sabiha, kwa mama yake, na Alhamisi asubuhi chupa ikafika hospitali imefungwa kwenye gazeti, gazeti limefungwa kwenye kanga, kanga imo kapuni chini ya mafungu matatu ya mchicha. Uweso akaupasha ule mkojo uso ameuelekeza ukutani, akichungulia kwa jicho moja kama mtu anayeiba. Ukungu hakuna. Akachemsha, akapoza, hakuna. Lakini alipotia dawa ya buluu ya kupimia sukari akachemsha tena, rangi iligeuka ikawa ya tofali. Daktari akaandika: protini hakuna, sukari nyingi, mgonjwa aache vitamu. Vidonge akasema vifungwe, viondoke kesho jioni.

Uweso alirudi nyumbani anapiga mluzi. Akamkuta Sabiha anachagua mchele, akampa bishara kwamba mama hana saratani, ana sukari tu.

"Maskini Bi Chiku," akasema Sabiha.

Alipotambua alichosema, ungo ulimponyoka. Ikabidi aeleze yote. Bi Mboni alikuwa ameapa kwamba bora afe kuliko mkwewe auone mkojo wake. Ndipo Bi Chiku wa nyumba ya pili, muuza vitumbua, mwanamke wa kusukuma lori likatoka matopeni, akajitolea wa kwake. Na tangu asubuhi alikuwa akijisifu mtaa mzima kwamba mkojo wake umekwenda kuonwa na wataalamu. Kumbe maskini vitumbua alikuwa akivila kuliko alivyoviuza.

Hasira zikampanda Uweso. Akataka kugomba. Amgombeze nani, naye mwenyewe alikuwa amepima kwa jicho moja? Akazunguka uani, akakaa chini nje ya pazia la chumba cha mkwewe, mgongo ameupa pazia.

"Mama," akasema, "naomba mkojo wako. Wako wewe."

Sauti ya Bi Mboni ikatoka nyuma ya pazia.

"Uso wangu nitauweka wapi, baba?"

"Mficha maradhi, mama, kifo kitamuumbua."

Bi Mboni akaanza kusema polepole, na hayo alikuwa hajamwambia hata bintiye. Alisema mifupa inamuuma usiku na mchana, inamuuma akivuta pumzi, na kwamba alikuwa akijifanya amelala ili watu wasimwulize. Alisema anaogopa. Uweso alisikiliza, naye miaka yote hiyo alidhani heshima ni kutomjua mtu.

"Haya," akasema Bi Mboni, "mwambie Sabiha alete chupa."

Ijumaa alfajiri ile chupa Uweso aliibeba mkononi, haina gazeti wala mchicha, akapita nayo mbele ya watu waliotoka msikitini. Akaupasha mkojo kwa macho mawili. Joto lilipokaribia kuchoma kidole, ukungu mweupe ukashuka. Akauchemsha, ukungu ukayeyuka. Akaupoza, ukarudi. Uweso akaruka, akapiga kelele kwamba vidonge vimempata mwenyewe. Kisha akatambua amefurahia nini, akaketi juu ya ndoo akalia.

Daktari akaamuru Bi Mboni aletwe kulazwa siku hiyo hiyo, lakini abebwe na mtu ajuaye, mifupa ile ikishikwa vibaya itavunjika. Teksi haikuweza kuingia uchochoroni. Na aliyefundishwa kubeba wagonjwa, kama wafundishwavyo watumishi wote wa hospitali, nyumba nzima, mtaa mzima, alikuwa mmoja. Uweso akasoma Bismillahi, akafumba macho kabisa, akamnyanyua mkwewe.

"Kulia," akasema Bi Mboni ndani ya buibui alilojifunika gubigubi, jicho tu likichungulia. "Kulia zaidi. Kizingiti hicho."

Uweso akajikwaa kizingiti. Akavuka, akaingia katika kamba ya nguo, kanzu ya jirani ikamfunika kichwa. Bi Chiku, aliyekuja kuaga mikono mitupu, vitumbua daktari ameshampiga marufuku, akaiondoa huku akicheka hadi akashika mbavu. Bi Mboni akaendelea kumwelekeza kwa sauti ile ile ya utulivu, kushoto, mbele, mtaro huo, mpaka mguu wa Uweso ukateleza ukingoni mwa mtaro.

"Fungua macho, baba," akasema. "Mkojo wangu umeshauona, uso una nini tena?"

Uweso akafungua macho. Bi Mboni alikuwa ameshajifunua. Ulikuwa uso wa Sabiha, ila umekonda, na ulikuwa umelowa machozi ya maumivu, yaliyokuwa yakimtoka muda wote ule aliokuwa akimwonyesha njia.