Kobe Aliyeitiwa Kikao cha Ukoo

Wazazi wetu walipofariki, ukoo ulikaa kikao sebuleni kwetu na kuamua mambo kwa huruma nyingi. Friji ilihamia kwa shangazi, isije ikatuchosha. Baiskeli ya baba aliichukua baba mdogo ili ailinde, na ameilinda vizuri sana, maana hatujaiona tena. Wadogo zangu nao walikuwa wagawanywe, mmoja huku, mwingine kule. Hapo nilikataa. Niliacha shule, nikaanza kwenda Koni kununua samaki wa mto Lufira na kuwauza hapa Likasi. Wote watatu wamekulia mikononi mwangu.

Mwaka jana mvuvi mmoja, baada ya kunihesabia samaki, aliniongezea kobe wa maji kama matabishi, nyongeza ya bure. Mimi nilikwisha mwona ndani ya sufuria pamoja na vitunguu. Lakini mdogo wangu wa mwisho alimkuta kwanza, akichungulia kutoka kwenye beseni kavu, akamkumbatia. Jioni ile tulikula sombe, majani ya muhogo.

Nilimlea kama nilivyowalea wengine: ukikaa katika nyumba hii, unakula bukari, ugali wetu. Tulimwekea tonge kwenye sahani. Akaingiza kichwa ndani ya gamba. Tukajaribu sombe, ndizi, hata samaki mkavu. Majirani walileta ushauri, kila mmoja na uhakika wake. Mmoja alisema kobe hula udongo. Mama mmoja wa kikundi cha sala alimwombea kwa muda mrefu, na kobe alitulia mpaka mwisho kuliko sisi wote. Hakula.

Habari zikafika kwa ukoo. Wakati wa karo za shule hawakuwahi kupata njia ya kuja kwetu. Kwa ajili ya kobe waliipata Jumapili ileile, baada ya misa. Shangazi alisema mnyama wa mtoni haingii nyumbani bila wakubwa kujulishwa. Baba mdogo alimgeuza chali, akampapasa tumbo kama daktari.

"Amekonda," akasema. "Weye utamuweza? Leta, minye nitamulea."

"Kama baiskeli, baba mudogo?"

"Huyu mutoto na mudomo yake! Ile baiskeli iko muzuri."

"Iko wapi?"

"Nimesema iko muzuri."

Mdogo wangu wa mwisho akanivuta kitenge, mimi dada yake mkubwa. "Yaya, usimupe. Atamupika."

"Nani ameongea mambo ya kupika?" akauliza shangazi kwa uchungu.

Kisha baba mdogo akataka kujua kama tuna mafuta ya mawese, ya kumpaka gamba lisikauke. Kikao kikaamua atakuja kumchukua Jumapili inayofuata.

Walipoondoka tulicheka, kisha mimi nikaenda kumtazama kobe kwenye beseni. Utamuweza? Ndivyo alivyoniuliza zamani kuhusu wadogo zangu, na alikosea. Safari hii hakukosea. Kobe alikuwa anakufa njaa katika nyumba yangu, na ubishi wangu haukumshibisha.

Nilimwambia mdogo wangu ukweli: kwa baba mdogo atakufa kwenye sufuria, kwetu atakufa kwenye beseni. Alininunia. Kesho yake, nilipojiandaa kwenda Koni, nilimkuta amekwisha funika beseni kwa kitenge, amevaa viatu.

Huko Koni tulimshusha kobe kwenye maji ya pembeni ya Lufira. Hakutuaga. Alizama mpaka shingo, akadaka kisamaki, akakimeza mbele yetu. Kumbe yeye hula ndani ya maji tu, na sisi tulikuwa tunamfundisha adabu za sahani.

"Mujinga weye, si ungesema!" mdogo wangu akamfokea, huku analia na kucheka.

Jumapili baba mdogo alifika na gunia. Mkewe alikuwa amemfungia na nyanya za kupikia.

"Iko wapi?"

"Amerudi kwao, Lufira. Naye iko na ukoo, baba mudogo. Wamekaa kikao, wakaona alelewe na watu yake."

Akajiachia kwenye kiti, kile kimoja walichotuachia. "Bila kutuita?"

Nilizichukua zile nyanya, nikapikia samaki, tukala wote bukari. Alipoaga, mdogo wangu alimsindikiza mpaka barabarani kwa heshima zote. Nilimsikia akimwuliza:

"Na ile baiskeli, baba mudogo, inakulaka nini?"