Viatu Vyeusi vya Papa Buhendwa

Honoré Bashige hutengeneza viatu mtaani Ndosho, kando ya barabara, na mdomo wake haujui kupumzika. Mletee soli iliyokatika, utaondoka na soli mpya pamoja na utani ambao hukuuomba. Mimi ninauza sabuni jirani yake, na amewahi kunitania mpaka nikamnunia wiki nzima.

Mwezi wa pili Papa Buhendwa, karani wa shule, alimletea viatu vyake vyeusi. Vilikuwa vinabana. Honoré akavilowesha, akavitia kwenye kalibu, akavipanua.

"Papa, uko unanenepa! Mama Joviale anakulisha muzuri nyumbani."

Mzee akacheka. Mwezi wa tatu akarudi. Wa nne akarudi tena, safari hii akisimama mara mbili njiani kuvuta pumzi. Honoré akachana ngozi ya pembeni, akaongeza kipande, na utani ukawa ule ule. Alipokuwa akimpima, kidole chake kilibonyeza mguu wa mzee na kuacha shimo ambalo halikujaa upesi. Aliliona. Akaendelea kuvuta uzi.

Mwezi wa tano mzee akaanguka kazini. Daktari wa moyo alimweleza mkewe, Mama Joviale, kwamba moyo umechoka kusukuma damu, ndiyo maana maji yamejaa miguuni na sasa yamefika mapafuni. Angeletwa mapema, dawa zingemsaidia zaidi. Kwa sasa hakuweza kumwahidi lolote.

Honoré hakufungua kibanda siku mbili. Siku ya tatu alikuja kwangu, macho mekundu.

"Ile miguu niliishika mara tatu, Mama Deborah. Niliona, nikachekesha mutu. Ni mimi nimemuua."

Nilimhurumia, lakini pia nilikuwa na hasira naye. Nikamwambia mzee bado yu hai, aende akamwambie mwenyewe, asinililie mimi juu ya sabuni.

Akaenda hospitalini. Papa Buhendwa alikuwa ameegemezwa mito mitatu, hawezi kulala chali. Honoré akapiga magoti, akasema yote, hata lile shimo la kidole.

"Simama, Honoré. Nilijua niko mugonjwa. Mama Joviale aliangalia hii miguu, akalia, akasema twende hospitali. Kazini walisema vile vile. Ndiyo maana nilikuwa nakuja kwako."

"Kwangu, Papa? Juu ya nini?"

"Ni wewe peke yako ulikuwa unaniambia ninanenepa."