Pazia la Saa Nne

Muuguzi wa kliniki ya kisukari husugua viganja vyake hadi vipate joto, ndipo humshika mgonjwa mkono. Kila siku saa nne asubuhi huvuta pazia la kona yake kwa dakika mbili. Sisi wagonjwa humtania kwamba anatuficha chai.

Jana bibi mmoja alikataa chanjo ya virusi vilivyozagaa dunia nzima, vilivyowaua hata majirani zake wawili.

"Mwanangu, sukari yenyewe inanitosha. Hiyo wape wazima."

"Wazima watasubiri, bibi. Sisi ndio wa kwanza."

"Sisi nani?"

Saa nne ilikuwa imefika. Muuguzi hakuvuta pazia. Alipandisha blauzi kidogo, akajichoma insulini tumboni mbele yetu sote. Bibi alimtazama, kisha akaanza kukunja mkono wa gauni lake.

"Haya, mwenzangu. Ila polepole."