Neno la Chini ya Ukurasa

Nyie wajukuu mnaosoma haya mmejilaza kifudifudi, kaeni vizuri. Kile kitabu cha mama yangu kilichomo kabatini, nusura tukizike.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, Temeke ingali mashamba, nyumba moja hapa, nyingine kule. Masika ile mvua ilipenya makuti ikaingia kwenye kasha la marehemu mama. Chini ya kanga zake tukakuta bonge la karatasi, zimegandana kama mkate wa kumimina uliokosa hamira, zimejaa herufi za Kiarabu. Mama mdogo, mdogo wake marehemu, akashika kichwa.

"Msahafu umeoza huo. Ukazikwe mahali pasafi, pasipokanyagwa na mtu."

Ndiyo desturi yetu, na mume wangu alishachukua jembe.

Mie shule ya serikali sikwenda, lakini chuoni kwa maalimu nilisoma. Nikainama, nikasoma ukingoni. "Mama mdogo, hapa pameandikwa muhogo. Muhogo uko kwenye sura gani?"

"Hebu nione!" Akasoma mwenyewe, kisha akaketi kwa kishindo. "Dada huyu!"

Yalikuwa mashairi ya mama, kwa Kiswahili chake, akimlilia baba aliyekufa muhogo ungali shambani. Mie sikuwahi kumwona mama akitoa chozi. Basi sikutaka lipotee hata neno.

Jua tulilikataa, lingezipasua. Tuliliweka bonge chumbani, na kila karatasi ilipolegea nilipenyeza ukindu mwembamba wa kusukia mkeka, nikaibandua taratibu, nikaitandaza mkekani. Zilipokwisha kukauka, kuku akaingia akazivuruga zote.

"Mchinjeni!" akafoka mama mdogo. Na kweli tulimla.

Sasa kuzipanga. Waandishi wa zamani hawakutia namba. Chini ya ukurasa waliandika neno linaloanza ukurasa unaofuata, basi kila ukurasa unamwita mwenzake. Tukakaa, mie upande huu, yeye upande ule.

"Nani anaitwa?"

"Anaitwa Jembe."

"Jembe yuko kwangu! Huyu naye anamtaka Mvua."

Hata leo nikisikia watoto wakiitana uani, namkumbuka mama mdogo, miguu kainyoosha, tambuu shavuni, anacheka na kufuta macho kwa upindo wa kanga.

Tukafika ukurasa mmoja, chini umeandikwa: *Nikamwambia*. Tukatafuta mkekani, kashani, mpaka kwenye mikunjo ya kanga. Haupo. Mchwa walikwisha kuula. Mama alimwambia nini baba? Sijui, na sitajua.

Mama mdogo alikuwa fundi wa kutunga. "Lete kalamu, mwanangu, nitie beti mbili. Dada alisema kama nisemavyo mie, nani atajua?"

"Mie nitajua."

"Pataachwa wazi, kama pengo la jino?"

"Pengo ni lake."

Nikawaita wote waliomo nyumbani, mume wangu naye akiwamo, nikawaambia: "Hapa patiwe karatasi nyeupe, na mtu asiandike hata nukta."