Bendi ya Jamhuri Haikuwa Yangu

Siku ya Jamhuri nilikuwa dukani Kathonzweni na mama yangu, aliyekuja kununua sukari. Redio ya mwenye duka ilikuwa ikitoa bendi ya sherehe kutoka Nairobi. Mimi, ambaye kila wiki huwaeleza nyinyi wasomaji nini kilitokea tarehe gani, niliinua soda yangu nikatangaza, "Mnasikia? Nchi nzima inanipigia bendi! Nilizaliwa siku ileile bendera yetu ilipopandishwa."

Tarehe hiyo nilipewa na mwalimu wa darasa la kwanza, nami sikuwahi kuishuku. Ilinipendeza mno.

Mama aliweka sukari yake juu ya kaunta polepole.

"Siku ya bendera nilikuwa nimekubeba mgongoni nikipalilia mahindi," akasema. "Wewe ulizaliwa siku mvua ilipoanza, watu wote wakiwa shambani wakipanda. Hata mkunga alikuja na jembe lake."

"Ilikuwa tarehe ngapi, mama?"

"Kwani mvua huja na tarehe?"

Watu waliokuwa dukani walicheka hadi nikaiweka soda yangu chini. Mwenye duka hakucheka sana. Alienda mlangoni, akatazama mashamba yaliyolimwa tangu Oktoba na bado yalikuwa vumbi tupu, kisha akanigeukia.

"Basi, bwana gazeti, mwaka huu wewe bado."

Kwa hiyo msinitumie kadi. Mkisikia mvua imenyesha Kathonzweni, mjue nimeongeza mwaka. Na tafadhali, mniombee nizeeke upesi.