Kabla Hujasema "Tutajuana"

Siku ile naikumbuka kwa sababu ya neno moja, mwanangu, na jana nimelisikia tena ukilisema kwenye simu: "Tutajuana baada ya uchaguzi." Ngoja nikueleze taratibu.

Nilikuwa bado mke mpya. Mimi binti wa Kipimbwe, baba yangu mkulima wa mpunga. Nimeolewa kwa Wasukuma, watu wa ng'ombe, huku huku Majimoto. Mwaka huo kitongoji chetu kiliulizwa: tujitenge tuwe kijiji chetu, au tubaki na wenzetu? Wafugaji walitaka kujitenga, wakulima hawakutaka. Kura ilikuwa ya kusimama. Wanaotaka, upande wa lambo la kunyweshea mifugo. Wasiotaka, upande wa mashamba ya mpunga.

Baba akaenda mashambani. Mume wangu akaenda lamboni. Mimi nikabaki katikati.

"Shemeji, chagua!" vijana wakanipigia kelele. "Ubwabwa au maziwa?"

"Mama, katikati hakuna kura," akasema mwenyekiti, watu wakacheka. Nikamfuata mume wangu. Sikuthubutu kumtazama baba.

Wafugaji wakashinda. Vijana wetu wakawanyooshea wakulima fimbo wakiimba: "Tutajuana! Plau mtaisikia kwa jirani!" Na mvua ilikuwa imeshaanza, mwanangu. Baba hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Kila mwaka alilimiwa kwa plau, jembe la kukokotwa na maksai, ya baba mkwe wangu. Akikosa plau siku zile, nyumba yake inalala njaa mpaka msimu mwingine. Nani angemwombea? Mimi, niliyesimama upande wa pili?

Asubuhi nikasikia minyororo ya plau. Kumbe baba mkwe, aliyekuwa wa kwanza kusimama lamboni, anaswaga maksai kuelekea kwa baba! Nikafuata kwa mbali.

Baba alikuwa nje, jembe la mkono begani. "Mzazi mwenzangu, umekuja kunicheka?"

"Kucheka tutacheka plau ikikwama," mzee akajibu. "Jana watoto walisema tutajuana. Basi nimekuja, tujuane. Tunaanzia wapi?"

Baba akaweka jembe chini, akashika kamba ya maksai wa mbele.

Tuliporudi nyumbani, mzee akawageukia vijana wake: "Nyie mnaoimba, mpunga ukivunwa ng'ombe wenu watakula mabua ya nani? Usitukane wakunga na uzazi ungalipo." Hakuna aliyeimba tena.

Sasa Katavi nzima inazungumza uchaguzi. Naona binamu zako wa upande wa mpunga hawapiti tena hapa kunywa maziwa, na wewe huwaulizii. Mawingu yameshaanza kujikusanya. Kura na plau vitakuja pamoja, kama mwaka ule. Naogopa, mwanangu. Yule mzee hayupo tena, na sijui nani ataswaga maksai safari hii.

Nasaha yangu ni hii: simama unapopaamini, wala usione haya. Lakini kura zikishatangazwa, ushinde ushindwe, kesho yake uwe wa kwanza kubisha hodi kwa aliyesimama upande wa pili. Usiende mikono mitupu. Nenda na kazi. Hapo ndipo useme tutajuana.

Mungu akupe mvua ya kutosha, maksai watulivu, na jirani wa kukushikia kamba.