Anwani ya Mgombea

Mwaka wa uchaguzi wa 2005 nilikuwa nafundisha historia katika lise moja, shule ya sekondari, ya Bujumbura, na mume wangu aligombea kiti katika baraza la komine yetu, serikali ya mitaa. Asubuhi moja, nyumbani kwetu mtaa wa Mutanga Nord, nilikuwa naandaa somo kutoka kitabu cha zamani: uchaguzi wa gavana wa jimbo moja la Amerika, miaka ya hamsini. Kura zilikaribiana mno, zikahesabiwa upya kwa wiki kadhaa.

Kilichonishtua si kura. Kitabu kilionyesha ukurasa wa gazeti la huko: mgombea mmoja anakunywa kahawa na mkewe, na chini ya picha wamechapa mtaa na namba ya nyumba yake. Nilisoma mara mbili. Wiki zote za kuhesabu, na kila mtu anaujua mlango wake. Sisi tangu 1993, rais tuliyemchagua alipouawa, tulishazoea kwamba kura zikianza kuhesabiwa, mgombea mwenye akili analala kwa watu wengine. Nikacheka, nikamsomea mume wangu, aliyekuwa anapiga pasi shati lake la kampeni.

Hakucheka. Aliweka pasi kando.

"Na mi baliniomba adresi, ku fishi ya kujiandikisha," akasema. "Batabandika liste ya bagombea ku komine. Sikuandika ya hapa."

"Uliandika ya wapi?"

"Ya Kinanira."

Kinanira, mtaa mwingine wa mji, tulikuwa na nyumba moja tu: ya mama yangu, mjane, anayeishi peke yake. Nilimtazama baba wa watoto wangu kama mtu niliyepishana naye sokoni. Sikumtukana, matusi yote niliyoyajua yalikuwa madogo. Nilichukua mkoba nikaondoka.

Mama nilimkuta barazani anachambua maharage. Nikamwambia afunge nguo zake twende, na nikamweleza sababu.

"Adresi ni mi nilimupa," akasema bila kuinua macho. "Alikuya kunisalimia, nikaona anaogopa. We uko na batoto batatu mu ile nyumba. Mi niko na nini?"

Nilimwambia siondoki bila yeye. Nilikuwa nalia kwa hasira, na sikujua tena ninamkasirikia nani. Nikaingia ndani nimfungie nguo mwenyewe, nikaona komeo la mlango limeng'olewa.

"Nililitoa mi mwenyewe," akasema. "Bakikuya, basivunje mulango. Ni baba yako aliutengeneza."